Mshumaa Ulikuwa Unawaka

Benjamini alikuja nyumbani kwangu Nyasubi na chupa yake ya maji. Aliishika tangu mlangoni, akakaa nayo kitini, akaiweka katikati ya miguu yake, na kila koo lilipomkauka aliifungua, akanywa funda moja, akakaza kizibo kana kwamba hewa ya nyumba yangu ingeweza kurukia ndani. Mimi nilikuwa nimemwekea chai na vitumbua. Vitumbua vyangu si vya kukataliwa hovyo. Madereva wa malori wakifika Kahama wanaviulizia kwa jina langu. Vilipoa mbele yake mpaka mafuta yakaganda kwenye sahani.

Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu Mwigulu. Tangu Mwigulu afariki hajatia mdomoni kitu kilichopita mikononi mwangu, kwa sababu Benjamini anaamini, na ukoo wao mzima kule Runzewe unaamini, kwamba mimi Bernadina ndiye niliyemuua kaka yake. Si kwa panga wala kwa sumu. Kwa uchawi. Haya, nimelisema mwenyewe, asije mtu akaninong'onea.

"Mama Noela," alianza, macho yakiwa kwenye kile kizibo, "kina Edson wamekubali kuleta ng'ombe. Watawaleta Runzewe mara baada ya mavuno, na harusi itafanyika palepale, kwenye mji wa kaka."

"Ni vizuri."

"Ndiyo. Sasa wazee wamekaa." Akanywa funda. "Wamesema Noela ni damu yetu, tutamtoa kwa heshima zote. Lakini wewe wameona ni bora ubaki huku."

Niliweka birika chini, maana mkono ulianza kuniwasha nalo. Noela ni mwanangu wa pekee. Edson, mchumba wake, ni mwalimu kule Geita, kijana mpole ambaye hata vitumbua vyangu anakula kwa aibu. Yaani binti yangu aolewe, vigelegele vipigwe, ng'ombe waingie zizini, nami nikae Nyasubi nikigeuza vitumbua kwenye chuma? Na mtu mzima amefunga safari kutoka Runzewe, amevaa koti, kuja kuniambia hilo huku akilinda maji yake!

Kabla sijamjibu, Noela akatokea chumbani. Alikuwa bado na koti lake la bluu la kazini.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia. Kwa nini mama asije?"

"Hayo ni ya wakubwa."

"Anayeolewa ni mimi, baba mdogo. Kama kuna kitu kinamzuia mama yangu kukaa kwenye harusi yangu, nakitaka nikisikie kwa masikio yangu."

Benjamini alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nikamwambia, mwambie basi, si unajua. Nilikuwa nimemficha Noela mengi. Alijua tulifukuzwa, alikuwa darasa la kwanza, alikumbuka begi lake la shule likirushwa nje. Alijua tumeitwa wachawi. Lakini namna baba yake alivyokufa nilimwambia kwa mkato tu, kwamba alifia machimboni, basi.

"Mshumaa ulikuwa unawaka," Benjamini alisema. "Ndiyo sababu."

Kwa asiyejua machimbo, nitaeleza. Wachimbaji wadogo, wanaapolo kama wanavyojiita, hawashuki kwenye duara bila kuuliza hewa. Duara ni shimo lao, refu, jembamba. Wanafunga mshumaa uliowashwa kwenye kamba na kuuteremsha. Ukizimika, chini kuna hewa mbaya, hakuna kushuka. Ukiwaka, unashuka na Mungu wako. Mwigulu aliamini mshumaa kuliko alivyoniamini mimi, na sikumlaumu, kwa sababu ulikuwa umemwokoa mara nyingi, yeye na wenzake.

Jioni moja walikutana na mwamba uliokataa nyundo. Wakafanya wanavyofanya siku zote: wakapanga magogo chini ya duara, wakawasha moto, wakaondoka, ili mwamba uchomeke upasuke wenyewe. Asubuhi moshi ulikuwa umeisha. Wakateremsha mshumaa, ukawaka vizuri kabisa. Mwigulu akashuka, na Benjamini, ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinamwota, akabaki juu ameshika kamba. Walipokuja kumtoa Mwigulu alikuwa amekufa. Hakuwa na jeraha hata moja. Uso ulikuwa na rangi nzuri, kama mtu aliyetoka kuoga. Na pembeni yake, kwenye ukingo wa jiwe, mshumaa ulikuwa unawaka.

Basi. Hewa haikuwa na kosa, mwamba haukuwa na kosa, kwa hiyo kosa likaanza kutafutwa kwa mtu. Benjamini akatumwa kwa mfumu akiwa na kuku, maana kwetu huko mfumu humpasua kuku na kusoma ndani yake kilichofichika. Mfumu akaona alama chini ya bawa, akasema ni mkono wa mtu wa nyumbani. Shangazi yao, Sesilia, ambaye sisi tunamwita sengi, akaninyooshea kidole na kusema, yatazameni macho yake. Macho yangu ni mekundu. Nimepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba tangu nikiwa msichana, katika jiko lisilo na dirisha. Mlitaka yawe ya rangi gani? Nilifukuzwa kabla ya matanga kuanuliwa. Kaburi la mume wangu nimesikia tu kwamba lilisakafiwa.

Sasa, nilitegemea Noela alie au amgombeze baba yake mdogo. Hakufanya hata kimoja. Alikaa chini sakafuni, akaanza kumhoji kama daktari anavyomhoji mgonjwa.

"Ule moto mliowasha, baba mdogo. Asubuhi ulikuwa umezimika kabisa?"

"Moshi haukuwepo."

"Siulizi moshi. Makaa je?"

"Makaa yalikuwepo, chini ya majivu. Kaka alisema atayasukuma pembeni na koleo."

"Mlichoma nini?"

"Magogo. Na mabua ya kuwashia, tuliyakata pale kwenye itongo letu." Itongo ni mahali palipokuwa na mji zamani, na zizi, ardhi yake imekula samadi miaka na miaka, na chochote ukipandacho pale kinaota kwa fujo.

Noela alifunga macho. Alipoyafungua yalikuwa na machozi, lakini sauti yake ilikuwa ya kazini. "Kesho asubuhi njoo mahali ninapofanyia kazi. Mama naye atakuja. Nitahitaji mshumaa na kuku."

Benjamini aliposikia kuku alikaa wima. "Kuku nitanunua mwenyewe," alisema. "Na mshumaa nitanunua mwenyewe. Sitaki vya hapa."

"Nunua, baba mdogo. Ndivyo ninavyotaka."

Nilishindwa kulala nikiwaza mwanangu ana mpango gani. Kazi yake nilikuwa naijua kwa juu juu. Yuko kwenye kituo cha utafiti nje ya Kahama, upande wa Buzwagi, na kazi yenyewe, msinicheke, ni kupanda majani. Mabingobingo yale wanayolisha ng'ombe, yeye anayapanda ili yaendeshe mashine. Anayakata, anayakausha, anayachoma ndani ya pipa lililozibwa hadi yanakuwa mkaa mwepesi unaovunjika kwa vidole. Halafu anatia kidogo kwenye bomba lililo ndani ya tanuru la umeme, mkaa unakuwa mwekundu, na juu yake anapitisha hewa kutoka kwenye mtungi. Ile ile, aliniambia, tunayoitoa puani, ile inayofanya soda itoe povu. Kaboni dioksidi.

"Hewa inaula mkaa, Mama," alinieleza siku moja, "na mkaa unaigeuza hewa. Inaingia hewa isiyowaka, inatoka hewa inayowaka. Ukiipata nyingi unasagishia mahindi kijiji kizima."

Kuna wakati alirudi nyumbani amenuna wiki nzima. Mkaa wa mabingobingo ya mashamba ya mchanga ulikuwa unajivuta, hewa inapita juu yake na kutoka karibu vilevile ilivyoingia, lakini ule wa mabingobingo aliyoyapanda kwenye zizi la zamani ulikuwa unaliwa haraka mno mpaka akadhani tanuru limeharibika. Akauosha ule mkaa kwa maji, akaukausha, akaurudisha, nao ukawa mvivu kama mwenzake. Ndipo alipopata jibu. Ni chumvichumvi za samadi, alisema, majani yanazinyonya ardhini, na zikibaki kwenye mkaa zinauharakisha. Nikamwambia majivu ya itongo ndiyo tuliyokuwa tunachujia maji ya kulainishia mlenda, kwa hiyo chumvi haikosekani. Akacheka, akasema ndizo hizohizo. Nilifurahi kumwona anacheka, nikasahau habari ya mkaa.

Asubuhi Benjamini alitukuta kituoni. Alikuwa na jogoo mchanga kwapani, mshumaa kwenye mfuko wa shati, na ile chupa yake. "Mwangaluka," alisalimia, kwa mazoea tu, nami nikaitikia kwa mazoea.

Noela alikuwa ametoa vyombo vyake nje, kwenye banda lisilo na kuta, upepo unapita. Kifuani alikuwa amebandika kidude kidogo ambacho, alisema, kingelia kama hewa ingekuwa mbaya kwetu. Mezani kulikuwa na mtungi, tanuru, na sanduku la kioo kama yale ya kuwekea maandazi dukani, lenye tundu la kuingizia hewa na tundu la kutolea.

Akanyoosha mikono apokee kuku. Benjamini hakumpa mara moja. Alimfungua mdomo yule jogoo, akamtemea mate ndani, kidogo, halafu akamnong'oneza kitu. Hivyo ndivyo mtu anavyomkabidhi kuku swali lake anapokwenda kwa mfumu. Nadhani hata hakujua kwamba amefanya hivyo. Noela alitaka kusema jambo, nikamkanyaga mguu.

"Kwanza mshumaa peke yake," Noela alisema. Akauwasha, akauweka ndani ya sanduku, akafungulia hewa ya mtungini moja kwa moja. Mwali ukawa mdogo, ukayumba, ukazimika.

"Hiyo naijua," Benjamini alisema. "Hiyo ndiyo hewa mbaya ya shimoni."

"Ndiyo hiyo, baba mdogo. Sasa ninachukua hewa ileile, mtungi uleule. Ila safari hii itapita kwanza kwenye makaa." Akamwonyesha mkaa kwenye kiganja. "Mabingobingo ya itongo. Kama mabua yenu."

Tulisubiri tanuru lipate moto. Hewa ilipoanza kutoka upande wa pili aliiwasha kwa kiberiti kwenye ncha ya bomba, ikawaka bluu, bila moshi, bila harufu. Benjamini alisogea kuitazama. Halafu Noela akauzima ule mwali, akachepusha hewa kidogo tu kuelekea kwenye sanduku, na kwa tundu jingine akawa anaingiza hewa ya kawaida ya nje kwa feni ndogo, ili mshumaa, alisema, upate haki yake. Mshumaa akauwasha upya. Jogoo akamtia pembeni yake.

Mwali ulisimama wima. Jogoo alitutazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akatutazama kwa jingine. Akadonoa kioo. Akatembea hatua chache, akasimama. Mabawa yakalegea. Nilimwona akijaribu kuinua kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayesinzia kanisani, kisha miguu ikakunjika akalala ubavu. Mshumaa haukuyumba hata kidogo. Ulikuwa unawaka vizuri kabisa, palepale kando ya kichwa chake.

Noela alifunga bomba, akafungua sanduku, akamtoa jogoo mbio na kumlaza chini penye upepo. Aliporudi alisimama mbele ya baba yake mdogo, na sauti yake ya kazini ilikuwa imemtoroka.

"Hewa inayozima mshumaa ikipita kwenye makaa mekundu inakuwa nyingine," alisema. "Haina rangi, haina harufu. Mshumaa haiujali. Inaua mtu tu. Makaa yalikuwa chini ya majivu, baba mdogo, yamefanya kazi hiyo kimyakimya tangu jioni, na mabua ya itongo yakayaharakisha. Baba alishuka ndani yake. Umemwona mtu yeyote hapo kwenye sanduku? Umemwona mama yangu?"

Nililia. Nilidhani siku kama ile ikifika ningecheka, ningeruka, ningemtukana Benjamini matusi ambayo nilikuwa nimeyapanga vizuri miaka yote. Badala yake nililia kwa ajili ya Mwigulu, ambaye aliuuliza mshumaa wake kwa uaminifu na mshumaa ukamjibu vile ulivyojua.

Benjamini alikuwa amechuchumaa kwa jogoo. Muda ulipita. Jogoo akatetemeka, akafungua jicho, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Mwishowe alisimama akiyumba, akajikung'uta manyoya kwa hasira.

"Ameamka," Benjamini alisema.

"Ameamka kwa sababu tumemtoa mapema," Noela alimjibu.

"Na mtu? Mtu akitolewa mapema, anaamka?"

"Mara nyingi anaamka, baba mdogo. Akitolewa mapema akapata hewa."

Benjamini alimrudishia jogoo macho. Alibaki amechuchumaa mpaka nikadhani miguu imemfa ganzi. Halafu akainuka, akamtia jogoo kwapani, akachukua mshumaa wake, akaenda zake. Hakuaga, hakuniangalia. Chupa yake ya maji aliisahau mezani.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilimwambia Noela, umeona? Ameona kwa macho yake, na bado ameondoka na ulimi wake mfukoni! Nilimpigia simu siku zilizofuata, hakupokea. Noela alimpigia, hakupokea. Mavuno yakaisha. Ujumbe uliotoka Runzewe ulikuwa wa tarehe tu, na jina langu halikuwemo.

"Tunakwenda," Noela alisema. "Bila wewe mimi ndani sitoki. Ng'ombe warudi walikotoka."

Tukaenda. Nilivaa kitenge changu kizuri na nikafunga kilemba kirefu, maana kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimependeza. Mji wa Mwigulu ulikuwa umebadilika, bati jipya, uzio mpya, lakini mahali pa kaburi nilipajua kabla sijaonyeshwa. Sikuthubutu kulisogelea. Nilikaa pembeni kabisa, karibu na lango la zizi, na kwa kweli sikuwa na haja ya kuambiwa nikae pembeni, kwa sababu kila nilipokaa watu walisogea. Ilibaki duara ya ardhi tupu kunizunguka. Sengi Sesilia, aliyekuwa sasa kikongwe wa mkongojo, aliyatazama macho yangu halafu akatema mate chini.

Ng'ombe waliingia. Vigelegele vilipigwa, nami nikapiga changu kutoka palepale langoni. Wazee wa upande wa Edson walipewa viti, na Benjamini, kwa kuwa ndiye anayesimama badala ya baba wa bibi harusi, akainuka kuwakaribisha. Alikuwa na koti lake lile. Kwapani alikuwa na yule jogoo, amekuwa mkubwa, na mkononi alishika kipande cha mshumaa. Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni mzaha wa harusi.

"Wakwe zetu, mtanisamehe," alisema. "Nina neno, na nataka nilisemee mbele yenu ili nisije nikalirudisha tumboni."

"La leo hilo?" mzee mmoja alimuuliza kwa ukali.

"La leo."

Akasimulia. Alieleza moto, makaa, mtungi, sanduku la kioo. Alieleza vibaya, akichanganya mambo, mpaka Noela aliyekuwa dirishani alitaka kumsahihisha, lakini watu walielewa: kuku alianguka na mshumaa ulikuwa unawaka, na pale hapakuwa na mkono wa mtu.

"Mfumu aliuona mkono!" Sengi Sesilia alipaza sauti. "Alisema mkono wa mtu wa nyumbani!"

"Ulikuwepo, Sengi." Benjamini aliweka jogoo chini, akainua mkono wake wa kulia. "Ulikuwa huu. Kaka aliposhuka aliniambia, ukiona kamba imetulia, vuta. Mshika kamba hana kazi nyingine. Kamba ikatulia. Nikachungulia, nikaona mshumaa unawaka. Nikasema anapumzika. Nikakaa, nikamenya muwa, nikala mpaka ukaisha. Kaka yangu alikuwa anakufa pale chini, na mimi nakula muwa."

Waliokuwa wakicheka walishusha macho.

"Yule kuku niliyempeleka kwa mfumu," aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inakatika, "nilipomtemea mate nilimwomba kitu kimoja tu. Asinitaje mimi. Hakunitaja. Akatajwa Mama Noela, nami nikanyamaza, kwa sababu kama ni yeye basi si mimi. Nimekuwa sili chakula chake si kwa kuogopa uchawi. Nilikuwa siwezi kumeza kilichotoka mkononi mwake."

Akakaa. Si kwenye kiti cha heshima, alikaa chini, hapohapo aliposimama. Wazee wakatazamana. Kijana aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo, kisha mama mmoja naye akamvuta mtoto wake, na nikaona, kwa macho yangu haya mekundu, ile ardhi tupu ikianza kufunguka kumzunguka Benjamini.

Nilikuwa na hasira. Nataka hilo lieleweke. Benjamini alikula muwa akiwa kijana, hilo ningemsamehe siku ileile, angekuja tu akaniambia, maana nami ningeutazama mshumaa na kuamini. Lakini aliniacha nibebe mzigo wake huku nimemshika mtoto mkono, nikalala stendi, nikaitwa majina, mwanangu akaitwa majina. Maneno yangu niliyoyapanga yote yalikuwepo mdomoni, na safari hii watu wote wangenisikiliza.

Ila ile ardhi tupu naijua. Nimeishi ndani yake. Hakuna anayeijua pale uwanjani kuliko mimi, na nilipoiona ikiwekwa kwa mtu mwingine sikuweza kukaa.

Niliinuka nikaenda jikoni. Wapishi walinipisha, sijui kwa aibu au kwa woga. Nikapakua ugali na nyama, nikachukua jagi la maji na beseni, nikatembea katikati ya uwanja hadi alipo. Nikapiga magoti, nikamnawisha mikono, wa kushoto, kisha ule wa kulia aliokuwa ameuinua. Sikuwa nimemsamehe, na sijui ni lini nitamsamehe, ila sikutaka mtu yeyote tena akae pale nilipokaa mimi.

"Kula, shemeji," nikamwambia.

Alinitazama. Halafu akamega tonge, akachovya, akala, na ukoo mzima wa Runzewe ulikuwa unatazama.